Ua Kati Yangu na Baba Mkwe

Tulipomaliza kumzika wifi yangu Nkwimba, kule Binza, mjukuu wangu Kija alinifuata nilipokaa na wanawake wenzangu, akachuchumaa, akanionyesha simu. Nikamwambia aiweke chini, hapa ni msibani. Akasema, "Bibi, dakika moja tu. Jirani yangu amepandisha ghorofa. Dirisha lake linatazama uani kwangu, nikianika nguo za ndani anazijua rangi zake. Nataka miti ya kuota haraka. Huku wanasema mwashoki, huku wanasema michongoma. Nipande ipi?" Wale wanawake wakaanza kucheka chini chini, na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka kwenye msiba wa wifi yangu. Maana Nkwimba angekuwa hai, swali hilo angelidaka yeye, na angelijibu kwa sauti ya kufika barabarani. Ua wangu wa kwanza nilihangaika nao pamoja naye. Shule mimi niliishia darasa la nne, kupamba maneno sijui, lakini mwaka ule naujua wote, na kila nikiukumbuka mwili unanisisimka kama wa msichana.

Nilikuwa mke mpya mjini Bariadi. Usifikiri Bariadi hii ya lami na taa. Tulikuwa na chumba na sebule, na sebule yenyewe ilimezwa na gunia la mahindi, baiskeli na sufuria zangu, mgeni akija anakaa mlangoni. Mume wangu Masanja alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akirudi jioni ana nyuzi nyeupe kwenye nyusi, kijana mwenye uso wa mzee. Nje nilikuwa na mafiga yangu matatu, kamba ya nguo, na bafu la magunia lisilo na paa, basi. Ua hakuna. Upande wa pili kulikuwa na nyumba tupu ya vyumba viwili, na kati yetu uwanja mweupe, kuku akivuka unamwona mpaka anafika. Lakini mimi nilikuwa na furaha, acha! Miezi ya kwanza ya ndoa nilikaa Sola, kwenye kaya ya mama mkwe, wanawake wengi chungu kimoja, hata chumvi unaomba ruhusa. Hapa mjini ufunguo wa chumba ulikuwa kiunoni kwangu. Alfajiri nakanda unga, nauacha uumuke, jua likichungulia vibarua wa kiwandani wanapita wananunua maandazi yangu ya moto. Nikimaliza nanyoosha miguu pale uani, nakula michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha, na chai, hakuna wa kuniuliza. Mwanamke ambaye hajawahi kupikia chungu cha watu wengi hawezi kujua utamu wa kula peke yako nje, juani, miguu umeinyoosha.

Siku moja tunakula ugali wa mtama na dagaa wa Lamadi, Masanja akasema bila kuinua uso, "Baba anahamia hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo." Akaonyesha ile nyumba tupu kwa kidole chenye ugali. "Miguu inamsumbua, hospitali ya huku iko karibu. Nkwimba atakuja kumtunza."

Tonge liliniponyoka. Lazima nieleze, maana vijana wa leo wanapiga picha na baba wakwe zao wamekumbatiana. Kwetu wakati ule mkamwana na baba mkwe walikuwa na mpaka. Huli mbele yake. Huogi mahali ambapo jicho lake linaweza kufika. Hampishani kwenye njia nyembamba, humsemeshi uso kwa uso, na jina lake hulitaji. Mimi jina la mzee yule sijalitamka mpaka leo, na hapa pia silitaji. Naye ana adabu yake: akitaka kutoka anakohoa kwanza ili ujifiche, akikuona kwa bahati mbaya anageuza uso. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa. Lakini heshima hiyo ilitengenezwa kwenye kaya pana, nyumba ya wakubwa kule, ya mkamwana huku, katikati minyaa na zizi. Hawakuitengenezea viwanja vya mjini.

Akaja, na Nkwimba, na mbuzi mmoja wa maziwa. Mzee mrefu, mwenye kofia, na kiti chake cha kukunja. Kuanzia siku hiyo maisha yangu yakawa ya panya. Naoga kabla hakujapambazuka. Nakaanga maandazi nimejifunika kitenge mpaka puani, mafuta yananirukia. Chakula nakula chumbani, nimesimama nyuma ya mlango, jasho linadondokea kwenye bakuli. Mzee naye, maskini, alikiweka kiti chake kuelekea ukutani, akawa anatazama udongo kutwa nzima. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, moshi huo unaingia chumbani kwangu, mafiga yasogee kidogo." Nami nayasogeza. Na Nkwimba, ambaye hakuwa na mpaka na mtu yeyote duniani, alisimama katikati akicheka mpaka anashika mbavu. "Wifi, toka huko ndani, umekuwa mweupe kama uyoga! Baba, geuka, ukuta umeshaumaliza!"

Haikupita muda nikiwa ndani nikamsikia mzee anaongea na Masanja chini ya dirisha. "Mwanangu, nimechoka kukohoa. Nikitaka choo nakohoa, nikitaka jua nakohoa. Nilikuja kutibu miguu, nitaondoka na kifua. Na huyo mtoto wa watu umemfunga kama ndama." Masanja akasema, "Basi nitamrudisha Sola kwa mama, mpaka nipate tofali za ukuta." Mungu wangu! Tofali! Mtu ambaye hata bati lake lilikuwa la mkopo! Nilijua tofali hizo zingekuja mimi nikiwa na meno ya bandia. Alipoingia nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Nikizungushia ua wa mimea?"

"Kiangazi hiki?"

"Nakuuliza, nikizungushia?"

Akakuna kichwa. "Mvua zikija na kuisha, kama ua upo na baba hakuoni, unabaki. Kama haupo, unakwenda Sola. Sitaki baba yangu ateseke."

Hapo ndipo nilipopata moto. Sina neno lingine. Nilikuwa msichana tu, lakini nililitazama lile eneo jeupe kama mtu anavyomtazama aliyemchokoza. Nikajiambia, mafiga haya hayatoki hapa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la wakulima wa pamba, mtu wa Pwani asingeweza kulifanya. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mashamba yote pembezoni mwa mji yamesimamisha miti ya pamba mikavu, na kuni hizo hazina mwenyewe. Nikamwambia Nkwimba, "Kwa nini tungoje mvua?" Tukang'oa, tukafunga mizigo, tukabeba vichwani tunaimba, tukaichomeka na kuifuma kwa kamba za katani mpaka ikawa ukuta mrefu kuliko mtu. Nilicheza! Nkwimba akapiga vigelegele, wapita njia wakadhani kuna harusi. Nikanyoosha miguu nje kwa mara ya kwanza tangu mzee aje, nikapakua michembe. Siku chache tu za raha, bwana shamba akapita na baiskeli. Akasimama. Akashuka. Akaizunguka ile kazi yetu yote kama anayenunua ng'ombe.

"Mama, nani kajenga hii?"

"Mimi na wifi yangu."

"Imependeza. Ichomeni leo."

"Tuchome?"

"Miti ya pamba haiachwi mpaka msimu mwingine. Wadudu wanalala humo humo, mvua zikija wanakwenda kula pamba ya watu. Ninyi ni watoto wa wakulima, mnaniuliza?"

Na kweli tulijua. Kila mwaka kwetu tuliona baba zetu wakichoma. Lakini tulidhani hiyo ni sheria ya shamba, hatukudhani inamfuata mtu mpaka bafuni. Tukawasha. Miti mikavu ile ikalipuka fyuu, tukarudi nyuma, na mimi kwa uchungu nikawa bado natafuna michembe iliyokuwa mkononi. Moto ukashuka ghafla. Moshi ukapeperuka. Ng'ambo ya majivu alikuwa amesimama baba mkwe, ametoka kuona kuna nini, ananitazama usoni, na mimi mashavu yamejaa! Nilikimbia nikaingia ndani kwa mlango, nusura niung'oe. Yeye alikimbia na miguu yake mibovu, akaparamia kiti, nikasikia kofia ikimwambia mbuzi, maana sauti ilitokea ndani ya kofia, "Sikuona kitu! Wewe mbuzi, mimi sikuona kitu!" Nkwimba alilala chini kwa kicheko, vumbi lote likaisha kwenye gauni lake. Nililia jioni yote. Leo nikikumbuka nacheka mpaka Kija ananiuliza kama nataka maji.

Ikabidi tungoje mvua, na kungoja huko kukawa kwa mabishano. Mzee alitaka minyaa. "Wewe mbuzi, waambie kaya yoyote yenye akili imezungukwa na minyaa. Unakata tawi, unachomeka, ng'ombe haligusi, jua haliliui." Nami nikamjibu kupitia Nkwimba, "Mwambie baba minyaa ni mizuri, lakini mpaka ifike kifuani mimi nitakuwa Sola nina wajukuu." Masanja akasema mkonge. Nkwimba akasema michongoma, ili mwizi akija atoke uchi. Mimi nikawa nikilala nawaza kitu kimoja tu: nimelima tangu nikiwa mtoto, ni mmea gani niliowahi kupotea ndani yake msimu uleule ulipopandwa? Nikaupata. Mbaazi! Zile mbaazi ndefu, unaingia kuchuma wenzako wanakuita hawakuoni, na kiangazi zinabaki na majani yake. Wingu la kwanza lilipopasuka nilikuwa nje na jembe, matone mazito yananipiga mgongoni, nafukia mbegu kwa karibu karibu, mzee naye upande wake anachomeka matawi ya minyaa, mgongo kanigeuzia, mimi nimemgeuzia wangu. Tulilima mpaka mmoja siku nzima bila kutazamana.

Na hapa nimwambie Kija na wenzake wa simu. Mti wa kuota haraka na mti wa kukaa miaka mara nyingi si mti mmoja. Ukipanda wa haraka peke yake utapanda tena na tena. Ukipanda wa kudumu peke yake utachunguliwa miaka. Panda yote kwa pamoja, kila mmoja ufanye kazi yake. Minyaa uikate umejifunika mikono, na utomvu wake mweupe usikuguse macho, hauna msamaha. Mwashoki wa kwenye viriba unapendeza, lakini uwe na maji, si maneno. Na kwa ghorofa hakuna mbaazi itakayokusaidia, mjukuu wangu. Hapo panda mijohoro, na nguo za ndani anika chini ya khanga kama tulivyofanya sisi.

Mbaazi zangu ziliota! Kila asubuhi natoka nazitazama kabla sijawasha moto. Zikafika gotini, zikaanza kutanua mikono. Kisha siku moja nimetoka sokoni na unga kichwani, nakuta vijiti. Mbuzi wa mzee amekata kamba, amepita mstari wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa adabu, hakuruka hata mmoja. Minyaa yake mzee haikuguswa, imesimama imara, urefu wa kuku. Niliweka unga chini. Sikulia safari hii. Niliingia ndani nikavuta begi langu uvunguni, nikaanza kukunja nguo, maana mvua ilikuwa imefika katikati yake na mimi nilikuwa na uwanja mweupe uleule. Nikasikia nje mzee anagomba, na nilijua hamgombezi mbuzi, anasema na mimi. "Umefanya nini? Umemla mtoto wa watu! Yule ni mke wa nyumba hii, kalima kwenye mvua, nilimsikia nyuma ya mgongo wangu anavyohema! Sasa akiondoka nitamwambia nini mwanangu?" Nilikaa kitandani na blauzi mkononi. Ndipo nilipojua kwamba yule mzee hataki niende. Nilikuwa nimedhani ua ninaupigania peke yangu.

Kesho yake asubuhi mbuzi alikuwa amepelekwa Nyalikungu kwa ndugu, na Nkwimba akaja na kibuyu. "Baba anasema hii ni mbegu yake ya mtama mrefu, alitoka nayo Sola, ilikuwa inaning'inia juu ya moto wake jikoni. Anasema bananisha mbegu, usiache nafasi ya kupita panya. Na zile mbaazi zilizoliwa usizing'oe, kisiki kipo hai." Ule mtama mwekundu wa zamani, sio huu mfupi wa siku hizi wa kuvuna umekaa! Nikamwaga mstari mzito mbele ya visiki. Mvua nayo ikawa kama imeambiwa. Nyie, mtama ule ulikua unauona! Ulikuwa unalala hivi unaamka vile. Tukamfanya Nkwimba kipimo, maana alikuwa na urefu wa baba yake: ukimficha yeye umemficha mzee. Kila Jumapili tunamsimamisha upande wa pili.

"Wifi, naona magoti yako tu yamepotea!"

"Ngoja Jumapili nyingine!"

Kiuno kikapotea. Kifua kikapotea. Jumapili ambayo nilimwita nikasikia sauti tu, "Nipo hapa! Nipo mbele yako, kipofu wewe!" na kisha nikaona mkono unapunga juu ya majani, nilirukaruka kama mtoto, na mbaazi nazo chini pale zilikuwa zimechipuka mashina manne manne kwenye kila kisiki, kana kwamba kuliwa kumezikasirisha.

Lakini Masanja hakuwa mtu wa kudanganywa na mtama. "Ukivunwa?" aliniuliza kila mara. "Ukivunwa itakuwaje?" Mvua zikapungua, masuke yakawa mekundu, ndege wakaja, nikavuna. Nikakata na mabua. Nilipoliangusha la mwisho nikafumba macho. Nkwimba akasema taratibu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, "Wifi, fumbua." Nikafumbua. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa mbaazi, mzito, umefunga, umejaa maua ya njano na nyuki, na ng'ambo sikuona kofia, sikuona kiti, sikuona kitu.

Masanja akaja kupima mwenyewe. Alikuwa ameshajaza upepo baiskeli, begi langu likiwa mlangoni. Alikuwa mtu wa neno lake, kwa mema na kwa ubaya. Akaenda upande wa baba yake, akamgeuza na kiti chake, kwa mara ya kwanza kutoka ukutani kuelekea kwangu. Akapaza sauti, "Mke wangu, tembea!" Nikatembea. "Baba, unaona nini?"

"Naona mbaazi."

"Inua mikono! Tikisa kitenge! Baba, sasa?"

"Mbaazi, na nyuki."

"Sasa kula kitu."

Nilichukua andazi. Mkono ukaganda njiani. Kula, na yeye anatazama upande wangu, majani tu kati yetu! Nikasikia kiti kinalia, mzee amejisogeza mbele. Halafu ikaja sauti, na haikuwa inamwambia mbuzi.

"Mkamwana."

Nkwimba akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mimi nikapiga magoti mbele ya mbaazi.

"Mkamwana, upo?"

"Nipo, baba."

"Mwangaluka," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mwangaluka, baba."

"Tangu nimekuja hapa sijapata nafasi ya kukuuliza. Kwenu hawajambo?"

Mwaka karibu mzima mtu huyu aliishi hatua chache kutoka kwenye mafiga yangu, na hili ndilo lilikuwa limemkaa moyoni. "Hawajambo, baba. Mama alikuwa anaumwa macho, amepona."

"Namshukuru Mungu. Na pamba ya baba yako?"

"Imekuja vizuri, baba."

Masanja akaingilia, "Baba, kwa hiyo umesema—"

"Nyamaza wewe, naongea na mtu. Nilikaa na ukuta nikawa naongea na mnyama. Leo nimepata jirani, unataka kumpakia kwenye baiskeli?" Kisha akaamuru, "Begi hilo lirudishwe ndani. Haendi Sola, labda kusalimia."

Andazi lilikuwa bado mkononi mwangu, limepoa, na nilikuwa nimelibana mpaka vidole vimeingia.

"Kula, mwanangu," mzee akasema. "Sikuoni."

Nikainuka kwenye magoti, nikakaa chini palepale juani, nikanyoosha miguu yote miwili, nikala.